Dhoruba Isiyo na Mawingu

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Mei 2024 anga la sehemu kubwa ya dunia liligeuka rangi. Watu wa Ulaya na wa Amerika ya Kaskazini, hata katika miji ambayo wazee wake hawakupata kuona jambo la namna hiyo katika aushi zao, walitoka nje wakasimama barabarani wakitazama mapazia ya kijani, ya waridi na ya zambarau yakitikisika juu ya mapaa ya nyumba zao. Na katika pembe ya kusini ya bara letu, huko Afrika ya Kusini, wekundu mfano wake ulionekana chini kwenye upeo wa bahari. Siku ya pili picha zilitufikia. Tulikuwa barazani baada ya sala ya alasiri, kahawa ikizunguka, tukipokezana simu ya kijana mmoja wa mtaani, na kila mtu akiisha kustaajabu kadiri ya haja yake humpa mwenziwe, hata simu ilipofika kwa mzee wetu mmoja, mtu wa hekima aliyekuwa baharia katika ujana wake, akaitazama kwa muda mrefu, akairudisha kwa mwenyewe, akasema kwa upole: "Hayo ni mambo ya nchi za baridi, wanangu. Kila watu na neema yao. Sisi tushukuru kwa jua letu."

Hakuna aliyembishia, wala mimi sikuona adabu kumkosoa mkubwa wangu mbele ya watu. Lakini neno lile lilinikaa moyoni, na makala hii ndiyo jibu ambalo ningependa kumpa kwa heshima zote: kwamba jua lile alilotuhimiza tulishukuru ndilo hilo hilo lililowasha nuru zile alizosema si zetu; kwamba usiku ule ule ambao wenzetu walitazama mapazia, dhoruba iliyoyaleta ilipita juu ya vichwa vyetu pia, ikatikisa sumaku ya dunia yote, nasi tukalala usingizi kwa sababu haikutuonyesha rangi. Wahenga walituambia kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Sisi tukaao katikati ya dunia tunanyeshewa mvua isiyo na mawingu, na mtu wa namna hiyo, maadamu hana wingu la kumwonya, hana budi kuwa na elimu.

Tangu zamani watu waliojaliwa kuziona nuru za kaskazini walizitafutia maana kwa kadiri ya maarifa ya zama zao. Mwaka 922 Ahmad ibn Fadlan, mjumbe wa Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad, alifika kwa mfalme wa Wabulghari kando ya mto Volga, na katika risala aliyoiandika anaeleza kwamba jioni moja aliona anga limekuwa jekundu kabisa, na ndani ya wekundu ule mawingu kama moto, na ndani ya mawingu maumbo ya watu na farasi wenye mikuki na panga, kundi likilishambulia kundi. Yeye na wenziwe waliingiwa na hofu wakaanza kuomba dua, na wenyeji wakawacheka, kwa kuwa kwao lilikuwa jambo la kawaida. Na mfalme alipoulizwa akajibu kwamba wale ni majini, waumini na makafiri, wanaopigana kila jioni. Upande wa Ufini jina la nuru hizo mpaka leo ni mioto ya mbweha. Simcheki mfalme wala simcheki mwenye mbweha. Aliyeona jambo kubwa akatafuta sababu yake ametimiza nusu ya kazi ya mwanachuoni, na nusu iliyobaki, yaani kupima, ilihitaji vyombo ambavyo vilikuwa havijatengenezwa.

Chombo cha kwanza kilichotoa siri kilikuwa kile kile ambacho manahodha wetu wamekitegemea karne nyingi, nacho ni dira. Mwaka 1741, katika mji wa Uppsala huko Uswidi, Olof Hiorter, aliyekuwa akifanya kazi pamoja na Anders Celsius, alikesha kwa subira isiyo ya kawaida akiandika mwelekeo wa sindano ya sumaku saa baada ya saa, na akagundua kwamba nuru zinapotokea angani sindano ile, iliyokaa ndani ya nyumba bila ya upepo wala mkono wa mtu, huanza kutangatanga. Huko London George Graham naye aliona sindano yake ikihangaika wakati ule ule. Kwa hiyo ilibainika kwamba ile haikuwa rangi ya angani tu. Nuru na sumaku ya dunia zilikuwa na jambo baina yao, na jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko mji mmoja au nchi moja.

Ilibaki kujua nani anayeitikisa sindano, na jawabu lilitoka kwa watu wawili waliokuwa wakitazama jua kwa sababu nyingine kabisa. Wa kwanza ni Heinrich Schwabe, mfamasia wa mji wa Dessau huko Ujerumani, ambaye alianza mwaka 1826 kutafuta sayari mpya iliyo karibu na jua kuliko Utaridi, na kwa kuwa alihofu kuichanganya sayari hiyo na madoa meusi yaonekanayo juu ya uso wa jua, akawa anayahesabu madoa hayo kila siku yenye anga safi. Sayari hakuipata, kwani haipo. Lakini baada ya miaka kumi na saba ya kuhesabu alitangaza kwamba madoa huzidi na kupungua kwa zamu, na leo tunajua zamu hiyo huchukua miaka 11 hivi. Mwaka 1852 Edward Sabine akaonyesha kwamba misukosuko ya sumaku duniani hufuata zamu hiyo hiyo.

Wa pili ni Richard Carrington, Mwingereza aliyekuwa na chumba chake cha falaki huko Redhill, kusini mwa London. Asubuhi ya tarehe 1 Septemba 1859, karibu saa tano na robo, alikuwa akichora kundi kubwa la madoa ambalo darubini yake ilikuwa ikilitupa juu ya kioo kilichopakwa rangi, mara katikati ya madoa yale yakawaka mabaka mawili ya mwanga mweupe, makali kuliko uso wote wa jua. Akakimbia nje kutafuta mtu wa kushuhudia pamoja naye, na aliporejea, kabla ya dakika moja kutimia, akaona kwa majonzi kwamba mwanga umeshaanza kufifia. Na katika dakika tano mambo yote yalikuwa yamekwisha. Baada ya saa 17 au 18 hivi dhoruba kubwa ya sumaku iliipiga dunia. Nuru zilionekana Cuba na Hawaii. Nyaya za telegrafu zilijaa umeme usiotoka kwa mtu, hata makarani wawili, mmoja Boston na mwingine Portland, walikata betri zao wakazungumza kwa muda wa saa mbili hivi kwa nguvu ya umeme wa angani peke yake.

Pamoja na ushahidi huo, wakubwa wa elimu hawakukubali upesi. Mwaka 1892 Lord Kelvin, aliyekuwa rais wa chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, alihukumu kwamba uhusiano baina ya madoa ya jua na dhoruba za sumaku si wa kweli, na kwamba kulingana kwao ni bahati nasibu. Aliyesimama upande wa pili ni Kristian Birkeland wa Norwei, mtu aliyejenga kituo juu ya mlima Haldde katika baridi ya kaskazini ya mbali, na ambaye, katika maabara yake mjini, alitundika mpira wa sumaku ndani ya sanduku la kioo lililotolewa hewa, akaufanya kuwa mfano wa dunia, akaumiminia mkondo wa umeme kutoka upande mmoja kana kwamba unatoka kwenye jua. Chumba kilipotiwa giza, mpira ule ulivaa pete za mwanga, moja kuzunguka ncha yake ya juu, moja kuzunguka ncha yake ya chini. Birkeland alifariki mwaka 1917 bila ya kusadikiwa. Mikondo ya umeme aliyosema kwamba huishukia dunia kutoka angani ilithibitishwa na vipimo vya setilaiti mnamo miaka ya 1960 na 1970, na leo inaitwa kwa jina lake.

Sasa na tueleze kwa lugha yetu jinsi jambo lenyewe linavyokuwa, kwa maana naamini hakuna hikima ya ulimwengu isiyoweza kusemwa kwa Kiswahili akipatikana msemaji mwenye nia.

Jua si jiwe linalowaka. Ni bahari ya gesi yenye moto mkali kiasi kwamba atomu zake zimepasuka na umeme wake uko huru, na bahari hiyo haizunguki kwa mwendo mmoja, kwani ikweta yake humaliza mzunguko katika siku 25 hivi ilhali sehemu zilizo karibu na ncha hukawia siku kumi zaidi. Umeme uendao huzaa sumaku. Na kwa kuwa katikati ya jua hutangulia na ncha zake hubaki nyuma, nyuzi za sumaku husokoteka mwaka baada ya mwaka kama kamba mikononi mwa msokotaji, hata zinapozidi kukazwa hupinda zikachomoza juu ya uso. Pale zinapochomoza huzuia joto lisipande, na mahali hapo pakapoa kidogo kuliko pembezoni, ndipo tunapopaona peusi. Hilo ndilo doa la jua. Na pale kamba zilizosokotwa mno zinapokatika na kuungana upya, nguvu iliyokuwa imefungwa hufunguka ghafla: hutoka mmweko kama ule wa Carrington, na mara nyingi hutoka pamoja nao wingu la gesi yenye umeme, uzito wake mabilioni ya tani, likaenda zake katika anga tupu likiwa limebeba sumaku yake lenyewe.

Fauka ya mawingu hayo, ambayo hutoka kwa vipindi, jua huvuma daima. Sisi watu wa pwani, ambao wazee wetu walipanga biashara, ndoa na safari zao kwa kusi na kaskazi, hatupati taabu kuelewa upepo unaotoka upande mmoja pasipo kukoma. Mwaka 1958 Mmarekani Eugene Parker alionyesha kwa hesabu kwamba jua lazima litoe pepo za aina yake, zitokazo pande zote, na makala yake ilikataliwa na wakaguzi wote wawili. Ikachapishwa tu kwa sababu mhariri wa jarida lile, Subrahmanyan Chandrasekhar, ingawa naye fikira hiyo haikumpendeza, hakuona kosa ndani ya hesabu. Miaka minne baadaye chombo cha Mariner 2, kikiwa njiani kwenda Zuhura, kilizikuta pepo hizo zikivuma kama zilivyotabiriwa. Mwendo wake wa kawaida ni kilomita 400 kwa sekunde, na hata hivyo, kwa kuwa jua liko umbali wa kilomita milioni 150, pepo zitokazo leo hutufikia baada ya siku nne.

Dunia nayo haikuachwa uchi. Moyo wake wa chuma kilichoyeyuka huzaa sumaku ambayo huenea mbali sana nje ya hewa yetu, na sumaku hiyo huzipasua pepo za jua kama gubeti ya jahazi inavyopasua maji, zikapita ubavuni na kuacha nyuma, upande wa usiku, mkia mrefu uliovutwa mbali kupita mwezi. Watu wengi husema kwamba nuru za kaskazini ni chembe za jua zinazodondoka moja kwa moja penye ncha za dunia. Lakini njia ya kweli ni ndefu zaidi na nzuri zaidi. Wingu la jua linapofika huku sumaku yake imeelekea kinyume cha sumaku ya dunia, nyuzi za huku na za kule huungana, na nguvu ya upepo huingia ikajazwa katika ule mkia, nao ukavutika, ukavutika, mithili ya mpira wa manati mkononi mwa mtoto anayelenga embe. Kisha mpira huachiwa. Kinachorushwa hakiendi mbele ya mlengaji bali hurudi kwa dunia yenyewe, nacho ni elektroni zinazoteremka kwa kasi kubwa kwa kufuata nyuzi za sumaku, na kwa kuwa nyuzi hizo huingia katika hewa kwa kuzunguka ncha mbili, kaskazini na kusini, ndipo pete za mwanga huwaka huko, kama zilivyowaka juu ya mpira wa Birkeland.

Na rangi je? Elektroni inapoigonga atomu ya hewa huipa nguvu ambayo atomu haiwezi kukaa nayo, na inapoitoa huitoa kwa umbo la mwanga, kila gesi kwa rangi yake, kama tuonavyo katika zile taa ndefu za mirija madukani. Ile kijani iliyo maarufu kuliko zote ni ya oksijeni, katika kimo cha kilomita mia na ushei juu ya ardhi. Ångström wa Uswidi aliipima mnamo miaka ya 1860, lakini ni gesi gani itoayo kijani hicho palikuwa hapajulikani hadi mwaka 1925, ndipo McLennan na Shrum wakaithibitisha kuwa oksijeni huko Toronto. Nyekundu nayo ni oksijeni ile ile, ila imo katika kimo cha kilomita mia mbili na zaidi. Sababu ya tofauti ni subira. Atomu inayotoa kijani hungoja chini ya sekunde moja, bali inayotoa nyekundu hungoja karibu dakika mbili, na huko chini, ambako hewa imesongamana, haipati dakika mbili za utulivu kabla ya kugongwa na jirani na kunyang'anywa nguvu yake. Juu tu, ambako atomu ziko mbalimbali kama majahazi katika bahari kuu, ndiko inakopata nafasi ya kumaliza kungoja kwake. Ukingo wa chini wa zambarau ni kazi ya naitrojeni. Mimi kila nikifikiri kwamba wekundu ule ulioenea juu ya nchi nzima ni jumla ya vitu vidogo visivyohesabika vilivyopata faragha ya dakika mbili, nazidi kumtukuza Muumba.

Wekundu huo, kwa ajili ya urefu wa kimo chake, huonekana kutoka mbali kuliko rangi zote, na ndio uliowahi kukaribia milango yetu. Usiku wa tarehe 4 Februari 1872 nuru zilionekana Khartoum katika Sudan, na zilionekana Bombay. Na waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari baina ya Bombay na Aden ulipatwa na misukosuko ya umeme usiku kucha. Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa Bombay na Aden ni wapi. Ni bandari za babu zetu, na Februari ni msimu wa kaskazi, wakati majahazi ya Bara Hindi na ya Arabuni yakiwa njiani kuja Lamu, Mombasa na Unguja. Basi asiseme mtu kwamba jambo hili halikupata kuwa na habari nasi.

Lakini, kama nilivyosema, mwenye haja kubwa ya kulijua si yule anayeliona. Mmweko wa jua hutoa miale mikali ambayo, kwa kuwa huenda kwa mwendo wa mwanga, hutufikia kwa dakika nane, na hupiga kwa nguvu zaidi pale ambapo jua liko utosini, yaani katika nchi za joto wakati wa adhuhuri. Miale hiyo hulivuruga tabaka la chini la anga lenye umeme, na redio za masafa mafupi, ambazo sauti yake husafiri kwa kuakisiwa na anga, hunyamaza. Nakumbuka miaka ya 1989 na 1990, wakati jua lilipokuwa katika kilele cha zamu yake, marehemu baba alikuwa na redio aliyoiweka dirishani, akisikiliza habari za mchana. Mara nyingine sauti ilizama, si kwa kukwaruza, bali kama mtu aliyefunikwa blanketi, ikapotea. Baba aliitingisha, akaigeuza antena, kisha akatoa mawe ya redio, akayaanika juani juu ya ukuta wa ua, kama ilivyokuwa desturi, ili yapate nguvu. Baada ya nusu saa aliyarejesha, na sauti ikarudi, naye akaridhika kuwa jua limeyaponya. Sidai kuwa kila mara ilikuwa hivyo, kwani mawe yalikuwa yakichoka kweli. Lakini leo najua kwamba zilikuwapo siku ambazo lile jua lililodhaniwa kuwa tabibu ndilo lililokuwa limemfunga msemaji kinywa. Baba alikuwa mtu mwerevu. Hakukosa akili, alikosa mtu wa kumwambia.

Mwaka ule ule wa 1989, tarehe 13 Machi, dhoruba ya jua iliuangusha umeme wa jimbo lote la Quebec huko Kanada ndani ya sekunde 92 tu, na watu milioni sita wakakaa gizani kwa muda wa saa tisa katika baridi. Baada ya dhoruba za Oktoba 2003, Afrika ya Kusini, nchi ambayo haikudhaniwa kuwa hatarini, iliona transfoma zake kubwa kadhaa zikiharibika katika miezi iliyofuata. Ni kweli kwamba kwetu hatari hiyo ni ndogo kuliko ya Kanada. Lakini nyaya ndefu ndizo zinazokusanya umeme wa dhoruba za namna hiyo, nasi sasa tunazijenga kwa urefu ambao haukuwapo zamani, mojawapo ikitoka Ethiopia hadi Kenya kwa zaidi ya kilomita 1,000. Tena nchi zetu ziko kando ya ikweta ya sumaku, ipitayo karibu na Addis Ababa, na katika ukanda huo anga la juu huchafuka baada ya jua kutua kuliko karibu mahali pengine popote duniani, na huchafuka zaidi katika miaka ya madoa mengi. Na ishara za setilaiti, ambazo leo rubani, nahodha, mpimaji wa viwanja na kijana wa bodaboda wote wanazifuata, hupotoshwa ndani yake. Wa kaskazini aliona akauliza, akauliza akapima, akapima akajihadhari. Sisi hatukuona, kwa hiyo hatukuuliza, na gharama ya kutouliza inazidi kila tunapozidi kuyafunga maisha yetu kwenye vitu vinavyotoka angani.

Wala asiseme mtu kwamba kazi hii inatuzidi kimo. Huko Ngomeni, karibu na Malindi, juu ya jukwaa lililosimamishwa baharini na Waitalia, ilirushwa mwaka 1967 setilaiti ya San Marco 2, na kazi yake ilikuwa kupima uzito wa ile hewa nyembamba ya juu ambayo jua huifurisha na kuifanya inywee. Na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikarushwa kutoka papo hapo setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa kwa kazi ya kutafuta miale ya eksirei ya nyota. Na kufura kwa ile hewa ya juu si jambo la vitabuni: mwezi wa Februari 2022 kampuni moja ya Marekani ilipoteza setilaiti zipatazo 40 kati ya 49 ilizozirusha kwa pamoja, kwa sababu dhoruba ya jua isiyo kali hata kidogo iliinua hewa ikazikokota chini. Kenya nayo mwezi wa Aprili 2023 ilipata kuwa na setilaiti yake angani, Taifa-1. Mwenye chombo baharini huuliza habari za upepo.

Mintarafu ya hayo nina maombi matatu. La kwanza ni kwa watungaji wa vitabu vya shule: mtoto wetu afundishwe kwamba jua lina madoa, lina majira na lina pepo, na afundishwe kwa Kiswahili chenye maneno thabiti, si kwa kukariri majina asiyoyaelewa. La pili ni kwa vyombo vya habari. Huko Hermanus, Afrika ya Kusini, kuna kituo cha sumaku kilichohamishwa kutoka Cape Town mwaka 1941 kwa sababu treni za umeme zilikuwa zikizivuruga sindano zake, na tangu Novemba 2022 kituo hicho hukesha usiku na mchana kikitoa maonyo ya hali ya anga la juu kwa ajili ya Afrika. Basi pale mtangazaji anapomaliza kutuambia habari za mvua na za bahari, aongeze sentensi moja tu kuhusu jua. La tatu ni kwa wenye kusimamia umeme, ndege na bandari: wapime. Kifaa cha kupima umeme unaopenya kwenye transfoma kutoka ardhini ni rahisi mno kikilinganishwa na transfoma yenyewe, na nchi isiyopima haiwezi kujua kama imesalimika au imechelewa tu kuumia.

Na kwako, mzee wangu wa barazani, shukrani yako kwa jua ni sahihi, nami nimeikubali; nakuomba tu uruhusu iambatane na ujuzi, kwa kuwa anayelijua jua ndiye anayeweza kulishukuru kwa ukamilifu wake. Kilele cha zamu hii ya madoa kilifika mwaka 2024, na kijacho kinatazamiwa katikati ya miaka ya 2030. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule wa mapazia atakuwa yu karibu kumaliza sekondari wakati huo, na miaka iliyobaki baina ya sasa na pale inatosha kabisa kumfundisha.